Vasco da Gama aligundua nini jamani?

Nafundisha historia hapa Malindi, na kila muhula lazima mtu aniambie Vasco da Gama ndiye aliegundua njia ya kwenda India. Njia gani? Alipotia nanga hapa Aprili 1498 alikuta vyombo vya Wahindi vishafika zamani, vimekuja na kaskazi, upepo wa kuja huku, vinangoja kusi, upepo wa kwenda India, virudi kwao. Kuzunguka Afrika kutoka Ureno, sawa, kazi kubwa ile, simnyimi. Lakini kutoka hapa hadi Calicut, bandari ya India, alipewa rubani na mfalme wetu, kusi ndo linaanza, wakavuka kwa wiki tatu na ushei.

Sasa tazama kurudi. Akaondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, basi wakakaa baharini miezi mitatu, mara shwari mara upepo wa mbele, kiseyeye, maradhi ya kukosa matunda na mboga, kikawamaliza mabaharia. Januari 1499 wanafika Malindi hoi, wagonjwa wanalilia machungwa, wakapelekewa, na walipoondoka hapa ikabidi waichome meli yao moja, São Rafael, manake watu wa kuiendesha hawakutosha tena. Bahari ile ile, meli zile zile, ila safari hii hawakuzifuata pepo.

Rubani alikuwa nani? Watu huandika Ahmad ibn Majid, yule nahodha mashuhuri wa Kiarabu, kama vile tunayo hati mkononi. Daftari la safari halimtaji, Barros, mwanahistoria wa Kireno alieandika miaka mingi baadae, anasema ni Mwislamu wa Gujarat, na habari ya Ibn Majid imetoka kwa mwandishi wa Makka karne ya 16. Mie darasani namwekea alama ya kuuliza, naegemea kwa Mgujarati.

Kinachonikera zaidi ni kumwita mfalme wa Malindi msaliti. Amsaliti nani? Kenya haikuwepo, hata huo "Uafrika" hakuna aliekuwa akiujua, kulikuwa na Malindi na Mombasa, mahasimu, na Wareno wametoka kugombana na Mombasa siku chache tu nyuma. Akaona hawa watanifaa, akapiga hesabu zake kama mtawala yeyote, wao wanataka rubani yeye anataka mizinga upande wake. Na zilimlipa pia, 1505 Wareno wakaichoma Mombasa, na Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, ilipoanza kujengwa 1593 ukoo wa Malindi ndio uliokalishwa kwenye kiti cha Mombasa, halafu Malindi yenyewe ikaanza kufifia. Mwanafunzi akinieleza hivyo, nani alitaka nini kwa nani na kikamgharimu nini, nampa alama zote hata tarehe akizisahau.