Madoa ya Jua na joto la Tanga

Mwezi Mei 2024, Jua likiwa karibu na kilele cha shughuli zake, niliwaonyesha wavuvi wachache wa soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, madoa yake. Niliziba upande mmoja wa darubini ya macho mawili, nikauelekeza wa pili juani, na kwenye karatasi nyeupe likatua duara la nuru lenye vidoa vyeusi mithili ya punje za pilipili manga. (Kulitazama Jua lenyewe kwa darubini ni kujipofusha, nililirudia hilo mara tatu.) Mzee mmoja akaniambia, "Basi mwanangu, hilohilo ndilo linalotuunguza."

Dhana yake, kwamba Jua ndilo linalozidisha joto la siku hizi, ina msingi. Heinrich Schwabe, aliyeyahesabu madoa hayo kwa miaka 17 kuanzia 1826, aligundua kwamba huzidi na kupungua kwa zamu, na leo tunajua kuwa mzunguko huo huchukua miaka ipatayo 11, na kwamba Jua lenye madoa mengi hung'aa zaidi kidogo. Huo "kidogo" ndio wenye kesi. Setilaiti zimepima nuru hiyo tangu 1978: ni takriban wati 1361 kwa kila mita ya mraba, nayo hupanda na kushuka kwa wati 1 hivi. Ikishagawanywa juu ya tufe zima na sehemu yake kurudishwa na mawingu, tofauti inayobaki haifiki robo ya wati, ilhali hewa ukaa tuliyoiongeza tangu enzi za viwanda inazuia takriban wati 2, wala haina zamu ya kushuka.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Lau Jua lingekuwa limezidi, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Vipimo vinaonyesha kuwa ya chini inapata joto huku stratosfia, yaani tabaka la hewa la juu, ikipoa, kama inavyotarajiwa pale gesi inapozuia joto lisitoke.

Jua halitungiwi sheria, lakini mkaa, dizeli na panga hutungiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na sidai kwamba kulinda mikoko ya Tanga kutapoza dunia, kwani gesi nyingi zimetoka kwingine. Mikoko hushika udongo wa ufuko wakati bahari inapanda, na faida hiyo tunaipata papa hapa. Mzee aliponiuliza itakuwaje tusipoilinda, nilimtajia Maziwe, kisiwa cha karibu na Pangani kilichokuwa na mivinje, ambacho sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa.

"Nilikuwa nikilala pale," akasema, "chini ya kivuli."