Kurejesha uoto wa asili kando ya vijito katika mashamba ya miti: maana yake

Kwenye mashamba mengi ya misonobari, mikaratusi au miwati, mistari ya miti ilipandwa mpaka ukingoni mwa kijito, maana udongo wa pale una unyevu na mti hunenepa upesi. Kurejesha uoto wa asili ni kuondoa miti ya biashara kwenye ukanda huo na kuisaidia mimea ya mahali hapo irudi: matete, mafunjo, vichaka na miti inayopenda maji.

Faida ya kwanza ni maji yenyewe. Majaribio ya Jonkershoek, Afrika Kusini, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha kwamba vijito hupungukiwa maji pale misonobari inapochukua nafasi ya vichaka vya asili. Mti wenye mizizi kwenye udongo ulioloa hunywa hata kiangazi, wakati kijito chenyewe kina kiu. Halafu kuna kivuli kinachopoza maji, na majani ya aina nyingi yanayodondoka kwa nyakati tofauti na kulisha wadudu wa majini.

Ukanda uwe na upana gani? Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingoni, na ile ya misitu ya Brazil ya 2012 mita 30 kwa mito yenye upana chini ya mita 10. Namba hizo ni msaada mkubwa, lakini kijito hakitembei na futi kamba. Chukua jembe, chimba kina cha nusu mita. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hapo maji hutuama sehemu ya mwaka, hata kama juu pamekauka. Mstari wa kwanza wa miti ya mbao uanzie nje ya hapo.

Wengi hudhani kazi ni kupanda miche. Kazi kubwa, kwa kweli, ni kuondoa na kufuatilia. Miti iangushwe kuelekea mbali na maji, magogo yasiburutwe kijitoni, na visiki vising'olewe, kwani mizizi yake bado inashikilia kingo. Matawi yasirundikwe karibu, maana mafuriko yatayabeba na kuziba makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena kisikini. Mbegu za miwati hukaa ardhini miaka mingi, na moto ukipita huota kwa wingi kama kitalu kisicho na mwenyewe. Timu inayokata mara moja na kuondoka imefungua tu mwanga kwa magugu. Bajeti ya miaka ya kurudi na kung'oa chipukizi inapaswa kupitishwa kabla ya msumeno kuwashwa.

Kupanda kunahitajika pale tu ambapo mimea ya asili imetoweka kabisa. Kama masalia yapo jirani, ndege na maji huleta mbegu zenyewe.

Ukanda huu hauwezi kila kitu. Huchuja maji yanayotiririka taratibu yakiwa yametawanyika, lakini mfereji wa barabara unaomwaga moja kwa moja kijitoni hupitisha tope lote, na barabara ndizo chanzo kikubwa cha tope katika mashamba haya. Mifereji hiyo ichepushwe imwage maji kwenye uoto mapema, kidogo kidogo katika sehemu nyingi, kabla barabara haijafika mahali inapovuka kijito.