Kwa nini Ivanka Trump hakumpigia baba yake kura ya mchujo?

Aprili 2016, Donald Trump alishinda mchujo wa urais wa chama cha Republican katika jimbo lake la New York bila kura za watoto wake wawili, Ivanka na Eric. Hawakuwa wameandikishwa kama Warepublican, na muda wa kubadili chama ulikuwa umefungwa tangu Oktoba 2015.

New York mchujo (Watanzania wangesema kura za maoni) ni wa kufungwa. Chama chako huandikwa kwenye daftari la wapiga kura la serikali, na usipoonekana humo kama mwanachama, hupigi. Mississippi mlango uko wazi: daftari halitaji chama, na siku yenyewe unachagua utapiga upande gani.

Tofauti hiyo humbadilisha hata mgombea. Mwaka 2014, Thad Cochran, seneta Mrepublican wa Mississippi tangu 1978, alizidiwa kidogo na Mrepublican mwenzake Chris McDaniel katika duru ya kwanza ya mchujo, ila hakuna aliyefikisha nusu ya kura. Kwa kuwa marudio yaliruhusu yeyote ambaye hakuwa amepiga kura upande wa Democratic wiki tatu nyuma, kambi ya Cochran ilikwenda kuomba kura kwa Wamarekani Weusi, ambao wengi wao ni Wademokrat. Cochran akashinda. McDaniel alilalamika kwamba wageni wamekichagulia chama mgombea, akaenda mahakamani bila mafanikio. Naielewa hasira yake. Lakini wale walioitwa wageni walikuwa wananchi ambao seneta huyo angewawakilisha vilevile, na safari hiyo alilazimika kuwafuata.

Mlango uliofungwa humwelekeza mgombea kwa wenye chama peke yao. Juni 2018, Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha mbunge mkongwe Joe Crowley katika mchujo wa Democratic jijini New York. Wapiga kura hawakufika 30,000, katika eneo lenye watu wapatao 700,000. Ni ngome ya Democratic, kwa hiyo kiti kiliamuliwa siku ile, si katika uchaguzi mkuu wa Novemba. Ushindi wake ulikuwa halali kabisa. Kinachoniuma ni kwamba asiye na chama katika eneo lile alichangia gharama za mchujo huo kwa kodi yake, na siku ya kuamua akabaki nje.