Hujuma ya kutetea mazingira: maana yake, na jinsi filamu ya Night Moves inavyoipima

Hujuma ya kutetea mazingira ni kitendo cha kuharibu au kuzima kwa makusudi mali ambayo mhusika anaamini inaangamiza uhai wa dunia: tingatinga la kufyekea msitu, bomba la mafuta, bwawa la umeme. Mwandamanaji anaomba asikilizwe. Mhujumu haombi, anataka mtambo usimame leo, au hasara impate mwenye mali mpaka aone kuendelea hakumlipi.

Uzito wote wa dhana hii uko kwenye mpaka mmoja: vitu viguswe, watu wasiguswe. Wahujumu hao husema mpaka huo ndio unaowatenga na magaidi. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, haikukubali, ikaviita vitendo hivyo ugaidi wa kimazingira hata pale ambapo hakuna aliyeumia.

Vitendo vyenyewe havilingani hata kidogo. Machi 1981 wanaharakati wa kikundi cha Earth First! walishusha plastiki nyeusi kwenye ukuta wa bwawa la Glen Canyon, Arizona, ionekane kama ufa mrefu, hakikuvunjika kitu. Oktoba 2016 wanaharakati watano walifunga vali za mabomba yanayoleta mafuta Marekani kutoka Kanada, baada ya kuzipigia simu kampuni husika, kisha wakasubiri wakamatwe. Lakini Oktoba 1998 kikundi cha Earth Liberation Front kilichoma majengo ya kituo cha michezo ya theluji huko Vail, Colorado, hasara ikafika takriban dola milioni 12. Hakufa mtu. Ila moto ukishawashwa, aliyeuwasha hana tena mamlaka nao, na hapo ndipo mimi naanza kuutilia shaka ule mpaka.

Night Moves, filamu huru ya Kelly Reichardt ya mwaka 2013, inasimama kwenye mpaka huo huo. Vijana wawili, Josh na Dena, na mwanajeshi wa zamani wanapanga kulipua bwawa huko Oregon. Taharuki yake haitokani na risasi wala magari kukimbizana. Dena anaingia duka la pembejeo kununua mbolea nyingi ya kutengenezea bomu, muuzaji anamdai kitambulisho, naye inabidi abaki pale akijieleza kwa sauti ya mteja wa kawaida. Baadaye, mlipuko ukiwa umeshategwa, gari la mpita njia linasimama barabarani karibu na bwawa kwa pancha, na saa ya bomu haisubiri. Mlipuko wenyewe hatuuoni. Tunausikia tu wakiwa wanaondoka.

Kisha inakuja habari kwamba kuna mtu aliyekuwa amepiga kambi kando ya mto, upande wa chini wa bwawa, na hajulikani alipo. Hawakumlenga. Hawakujua hata kama yupo. Kuanzia hapo watatu hao wanaacha kuogopa polisi peke yao, wanaanza kuogopana.

Kinachonigusa zaidi ni maneno ya mkulima anayeishi na Josh, mmoja wa wale watatu, kwenye shamba la kilimo hai. Bila kujua anaongea mbele ya nani, anasema kulipua bwawa moja ni maonyesho tu, maana mto ule una mabwawa mengine na umeme utaendelea kupatikana. Josh anasikiliza, wala hawezi kumjibu.