Run na set: ipi ina maana nyingi zaidi?

Wanafunzi ninaowafundisha Kiingereza hapa Goma hawasumbuliwi na maneno marefu. Neno refu mara nyingi lina ndugu yake katika Kifaransa, maana moja au mbili, basi. Yanayowatoa jasho ni mafupi, na mabingwa ni run na set.

Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, iliipa set maana 430. Maelezo yake yalifika maneno kama 60,000. Kisha mwaka 2011 ikatangazwa kwamba run, kitenzi peke yake, imefika 645. Watu wakaandika kwamba set imevuliwa taji. Mimi ushindi huo naukubali nusu tu. Toleo la 1989 kwa sehemu kubwa liliunganisha toleo la kwanza, lililokamilika 1928, na nyongeza zake, ilhali run ilichambuliwa upya tangu mwanzo. Hayo ni magunia mawili yaliyopimwa kwa mizani tofauti. Hata hivyo run imenenepa kweli: zilipokuja treni, mashine, halafu kompyuta, kila kinachofanya kazi kikapewa kitenzi hicho.

Ukitaka kuyatenganisha, rudi kwenye asili. Set ilikuwa kuketisha: kukifanya kitu kikae mahali pake. Run ilikuwa kukimbia, na pia kutiririka. Sisi wa Goma tumeyaona yote mawili katika kitu kimoja. Mwaka 2002, na tena 2021, lava ya volkano yetu, Nyiragongo, iliteremka kuelekea mjini: hapo Mwingereza anasema run. Ilipopoa ikawa jiwe hili jeusi tunalojengea kuta: hapo ni set. Simenti ikishika, set. Kitenge kipya kikichuja rangi kwenye beseni, run.

Kiswahili hugawa kazi. Mtego hutegwa, mtihani hutungwa, bei hupangwa, mfupa uliovunjika huungwa. Mwingereza ana set tu kwa yote hayo. Vivyo hivyo, kamasi hutoka, barabara huenda Rutshuru, mama huendesha duka, mtu hugombea ubunge: yote run. (Jua likitua wanasema set pia. Hapo hakuna aliyeliketisha, limeketi lenyewe.)

Kwa hiyo usikariri orodha. Tazama kwanza jina (nomino) lililo jirani na kitenzi. Ndilo linalochagua maana. Wewe mwenyewe hukufundishwa orodha ya kupiga, lakini huchanganyi kupiga pasi, kupiga kura na kupiga magoti.

Onyo moja tu: set ya vikombe, yaani vikombe vya namna moja vinavyouzwa pamoja, haikutoka kwenye kuketisha. Hiyo ilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini secta, neno lilelile lililozaa “secte”, jina tunalowapa watu wa madhehebu fulani. Waingereza waliyasikia yanafanana, wakayaacha yachanganyike.