Baridi Haileti Nimonia: Kwa Wanaopeleka Watoto Kwenye Theluji

Kuanzia Oktoba, kliniki yetu hapa Kisumu hupata wateja wa aina yake. Shangazi wa Minnesota au mjomba wa Denver, kule Marekani, amealika familia kwa Krismasi, viza zimetoka, na watoto wameahidiwa wiki moja milimani wakateleze kwa sleji na kujaribu skii. Wazazi huja kwa ajili ya chanjo, nami huwa nalijua swali litakalotangulia kabla hawajaketi: "Daktari, kwa ile baridi, si mtoto atashikwa na nimonia?"

Nimelijibu vya kutosha, mzazi mmoja mmoja. Sasa nalijibu kwa wote.

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Huletwa na vijidudu: bakteria, hasa nyumokokasi, au virusi kama vya homa ya mafua na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa. Vijidudu hivyo hutoka kwa mtu na kuingia kwa mtu, kupitia kikohozi, chafya na mikono isiyonawiwa. Theluji haina nyumokokasi. Mtoto anaweza kucheza kwenye theluji asubuhi nzima, pua zikachuruzika, mashavu yakawa baridi kama soda ya friji, na mapafu yake yakabaki salama.

Kama baridi ndiyo ingekuwa chanzo, wodi za watoto za Finland na Norwe zingekuwa zimefurika kuliko zetu. Huko wazazi wengi huwalaza watoto wachanga nje kwenye vigari vyao hata majira ya baridi, wamefunikwa vizuri, na hakuna jirani anayekuja mbio kuwagombeza. Watoto wengi wanaokufa kwa nimonia duniani wako Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini, ambako wengi theluji huiona kwenye kalenda tu. Wanachokufa nacho ni kukosa chanjo, utapiamlo, moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba, na kufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Halafu unamkuta mama hapa Kondele, saa saba mchana, jua linawaka, mtoto amevikwa sweta mbili na marvini, anatokwa jasho, huku jiko la makaa linafuka moshi hatua mbili kutoka alipolala. Ukimuuliza, sweta ni za kuzuia nimonia. Jiko halijamjia akilini hata kidogo.

Waendesha boda boda nao wana lao: jaketi nzito na gazeti kifuani. Jaketi sina ubishi nayo, upepo wa alfajiri unauma. Ila nimonia haipenyi kifuani kupitia ngozi.

Najua kuna atakayeniuliza mbona ng'ambo watu huugua kifua zaidi wakati wa baridi. Ni kweli wanaugua zaidi. Wakati huo watu hukaa ndani wamebanana, madirisha yamefungwa, na hewa ya hita imekauka. Virusi vya mafua hudumu zaidi katika hewa baridi na kavu, na pua inayovuta hewa ya namna hiyo hupunguza ulinzi wake kidogo. Lakini pasipo kirusi hakuna maambukizi, na kirusi kiko sebuleni, kwa binamu anayekohoa. Kule nje kwenye mteremko kipo kwa uchache sana.

Hapa ndipo ninapokosa subira. Kila Januari hurudi mzazi kuja kunithibitishia kwamba nilikosea. Mtoto amekohoa safari nzima. Ukidadisi, unagundua mtoto hakuruhusiwa kutoka nje isipokuwa kupiga picha. Wiki mbili amefungiwa kwenye nyumba yenye watu kumi na wanne, wawili kati yao wakiwa wamelala na homa ya mafua, "asipigwe na baridi." Mzazi alimtoa mtoto penye hewa safi akamweka penye kirusi, kisha lawama zikaangukia theluji, ambayo mtoto aliiona kupitia kioo.

Mkitaka kumkinga na nimonia, ya kufanya yapo na hayana ushujaa wowote. Angalieni kitabu cha kliniki kama alimaliza chanjo ya nyumokokasi ya wiki ya 6, 10 na 14. Kenya iliiingiza kwenye ratiba mwaka 2011, na watafiti wa Kilifi wameona ugonjwa mkali wa aina za nyumokokasi zilizomo kwenye chanjo hiyo ukipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo ya homa ya mafua ichomwe angalau wiki mbili kabla ya kuruka. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayeipata kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, wiki nne kati yake, kwa hiyo anayenijia tarehe 15 Desemba kwa safari ya tarehe 18 ananipa kazi nisiyoiweza. Naweni mikono. Fungueni dirisha hata dakika kumi, mwenye nyumba alalamike. Mwenye pumu abebe inhela mfukoni ndani ya jaketi, maana hewa baridi hubana njia za hewa kwelikweli. Hiyo nayo si nimonia.

Na akikohoa, msimguse kifua kuona kama "kimeingiwa na baridi." Hesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, msingoje hata chai.

Baada ya nimonia huja mavazi, na makosa yake ni ndugu wa kosa la kwanza. "Nitamfunga kabisa." Mtoto aliyefungwa kabisa hukimbia, hutoka jasho, nguo za ndani hulowa, na akisimama dakika tano mwili unapoteza joto haraka. Pamba ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa hushika maji. Karibu na ngozi iwe sufu au polista, juu yake sweta ya sufu, halafu jaketi na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Mtoto mchanga huongezewa vazi moja tu kuliko analovaa mtu mzima mahali pale pale. Glavu ziwe jozi mbili, moja italowa. Wala msipoteze pesa madukani: nendeni soko la Kibuye Jumapili mkachimbe kwenye mitumba. Zile jaketi nene ambazo hapa hazina mnunuzi zilishonwa kwa kazi hii hasa.

Garini, vueni hiyo jaketi kabla ya kumfunga mtoto kwenye kiti chake. Jaketi nene huacha nafasi chini ya mikanda, na gari likigonga, mtoto huchomoka. Mfungeni kwanza, kisha mfunikeni leso au blanketi juu.

Vaseline. Mnaipenda, nami naipenda, kwa midomo iliyopasuka inafaa sana. Haizuii ngozi kuganda. Kuganda huko huanzia vidoleni, masikioni na puani: kwanza panauma, kisha panakufa ganzi, na ganzi ndiyo hatari kwa sababu mtoto huacha kulalamika. Vitabu husema ngozi hugeuka nyekundu halafu nyeupe. Kwenye ngozi yetu tafuteni weupe wa kijivu kama majivu, au mng'ao wa nta. Tena tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi kuliko wenzao, kwa hiyo ile ya "sisi ni wagumu" iacheni nyumbani. Mahali palipoganda pasisuguliwe, pasipelekwe kwenye moto. Tumbukizeni kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na muite daktari. Na kabla ya kutoka someni upepo pamoja na baridi: nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wababa huniuliza kuhusu pombe, mama akiwa ameenda kulipa. Haipashi mwili joto. Hupanua mishipa ya ngozi, ukahisi joto huku joto lenyewe linatoka. Kunyweni jioni ndani, mkiwa hamna mtoto wa kuangalia mteremkoni.

"Jua la baridi halichomi, na sisi ni weusi." Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya jua ya urujuanimno (UV), na kila mita 1,000 unazopanda miale hiyo huongezeka kwa kama asilimia 10. Weusi wa ngozi husaidia ngozi. Hauna msaada kwa konea, utando wa mbele wa jicho. Mtoto asiye na miwani huenda akalala vizuri, kisha akaamka usiku analia kwamba macho yamejaa mchanga. Miwani ya jua yenye kinga ya miale hiyo, kila mtu, hata aliye mgongoni.

Sasa urefu wa mlima, ambapo wenzetu wa Nakuru na Eldoret hujiona wameshapita mtihani. Nakuru iko kama mita 1,850, Eldoret kama 2,100. Breckenridge, mji wa skii kule Colorado, uko zaidi ya mita 2,900, na lifti za skii hupanda juu zaidi. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi, na mbio za asubuhi haziukingi. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, saa chache baada ya kufika. Mtoto mdogo hukataa chakula na kulialia. Laleni usiku mmoja au miwili Denver kabla ya kupanda. Dalili zikizidi, shukeni.

Kwa sisi wa huku ziwani kuna jambo jingine, na ndilo ninaloomba mlipime kabla ya kulipia hoteli: selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Vinasaba vyake ni vingi sana Nyanza na Magharibi. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, baridi na uhaba wa oksijeni vinaweza kumwamshia maumivu makali, na kwake kweli baridi ni adui. Asiende mlimani bila ushauri wa daktari wake. Na yule anayebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya, mchezaji mpira, anaweza kuharibika wengu akiwa juu sana. Maumivu ya ghafla ya tumbo la kushoto, chini ya mbavu, yasichukuliwe kuwa ni chakula cha ndegeni.

La mwisho ni malaria. "Huko hakuna mbu, kuna theluji." Mbu alishamuuma hapa Kisumu kabla hamjapanda ndege. Vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 30 kabla ya homa kuanza, wakati mwingine zaidi, na baridi ya nje haiwafikii ndani ya damu. Kwa hiyo joto la mtoto likipanda siku ya tisa milimani, kila mtu karibu yake atasema ni mafua, kwa kuwa kila mtu karibu yake ana mafua. Daktari wa kule huenda hajaona malaria tangu chuoni. Mwambieni mkiwa bado mapokezi: tumetoka Kisumu, Kenya, juma lililopita, tunaomba apimwe malaria sasa hivi. Majibu yakiwa hasi na homa ikaendelea, ombeni apimwe tena baada ya saa 12 hadi 24.