Ubwege Ulioingia Jikoni: Pinter na Albee

Wahakiki wetu wamezoea kuiita tamthilia ya mambo yasiyo na mantiki (kwa Kiingereza, Theatre of the Absurd) ubwege, nami hulitumia neno hilo darasani, ingawa kila mwaka hulazimika kuwaonya wanafunzi kwamba wahusika wake si mabwege. Akili zao ni timamu; kilichokatika ni uhusiano kati ya swali na jibu, kati ya kosa na adhabu. Istilahi yenyewe ya Kiingereza ilienezwa mwaka 1961 na kitabu cha Martin Esslin, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi BBC, ambaye msingi wake aliuchota kwa mwandishi Mfaransa Albert Camus.

Waiting for Godot ya Samuel Beckett, iliyochezwa kwanza Paris mwaka 1953, ina barabara ya shamba na mti mmoja tu. Kinachonivutia kwa Waingereza na Wamarekani waliofuata ni kwamba waliuleta ubwege ndani ya nyumba zenye gazeti, birika na kifungua kinywa.

The Birthday Party ya Mwingereza Harold Pinter huanza na mke anayemuuliza mumewe kama chakula cha asubuhi ni kizuri. Kisha wageni wawili wanamfikia Stanley, mpangaji wa nyumba hiyo ya pwani, na kumsaili kwa maswali yasiyoshikana, likiwamo la kwa nini kuku alivuka barabara, hadi kesho yake hawezi kutamka neno. Mei 1958 huko Hammersmith, London, tamthilia hii iliondolewa jukwaani baada ya maonyesho manane. Hadi leo wasomaji huniuliza Stanley alikosa nini, nami huwajibu kwamba mwandishi aliyezaliwa mwaka 1930 katika familia ya Kiyahudi ya Hackney, London, alijua vyema kuwa wanaobisha hodi si lazima wawe na sababu.

Hata hivyo, anayetaka kuielewa kazi ya Pinter kwa undani namshauri asome The Dumb Waiter. Wauaji wawili wa kukodiwa, Ben na Gus, wanangoja amri katika chumba cha chini ya ardhi mjini Birmingham, na lifti ndogo ya kupitishia vyakula inawashushia vikaratasi vya kuagiza nyama, chipsi na chai, ilhali hawana hata gesi ya kuchemshia maji. Kabla ya hapo Ben amemwambia Gus awashe birika. Gus anamsahihisha: kinachowashwa ni gesi, birika hubandikwa. Ugomvi unapanda mpaka Ben, aliye mkubwa wake kazini, anamkaba koo, ingawa muda mfupi baadaye yeye mwenyewe, kwa kupitiwa, anasema birika libandikwe. Kisha sauti ya huko juu, inayomfikia Ben kupitia bomba la kusemea, inaagiza birika liwashwe, na Ben anashangilia kama mtu aliyeshinda kesi. Kwangu, hapa ndipo moyo wa tamthilia nzima ulipo, kwa sababu usahihi wa sentensi haukuamuliwa na moto wala maji bali na yule asiyeonekana aliye juu. Na Gus, anayezidi kuuliza ni nani huyo, mwishowe anaingia akipepesuka bila koti wala bastola, akiwa ndiye mtu ambaye Ben ameagizwa kumuua.

Mmarekani Edward Albee aliupeleka ubwege huu kwenye benchi la bustani ya Central Park, New York, katika The Zoo Story, ambayo ilichezwa kwanza Berlin, kwa Kijerumani, mwaka 1959. Peter ana mabinti wawili, paka wawili, kasuku wadogo wawili na televisheni mbili. Jerry, mgeni anayemjia hapo benchini, hana mtu. Jerry anamchokoza mpaka Peter anashika kisu kujilinda, kisha Jerry anajitupa juu ya ncha yake. Uungwana wa mazungumzo ya kila siku haukomi hata hapo: huku akikata roho, Jerry anamshukuru Peter, anafuta alama za vidole kwenye mpini, na kumkumbusha asisahau kitabu chake.